Gari linalogoma kwenye kona: kisa cha Forester iliyojikaza

## Mwenye gari na malalamiko yake

Gari ni Subaru Forester, toleo la SG5, injini ya lita 2 isiyo na tabo, giaboksi ya otomatiki yenye gia 4, nguvu inakwenda tairi zote nne muda wote. Liliingia nchini kama mtumba kutoka Japani, sawa na mengi ya aina yake yanayopanda na kushuka barabara za kaskazini mwa Tanzania. Mwenye gari ni mama mtu mzima, mtumishi wa umma aliyekaribia kustaafu. Jina lake, mji wake na namba za gari nimeziondoa, na gereji pamoja na duka la tairi vinavyohusika havitajwi. Jambo moja la maisha yake lazima nilitaje: nyumba yake iko juu ya kilima, mwisho wa barabara ya changarawe, na ofisi yake iko mjini, kwenye lami na maegesho ya pevingi. Hizo barabara mbili ndizo zilizotuchelewesha kuelewa ugonjwa.

Alifika asubuhi. Baada ya shikamoo na marahaba, hakutaka hata kukaa. "Mwanangu, gari hili linagoma kama punda. Nikikata kona ya kuingia maegesho ya ofisini, ni kama mtu amevuta hendibreki. Tairi zinalia kwiii, halafu linaruka-ruka kidogo. Nikifika nyumbani, limepona. Wenzako watatu wameshalitibu."

Nikamuuliza lilianza lini. Akasema miezi minne iliyopita, polepole, likazidi. Nikamuuliza kama kuna kitu kilibadilishwa kabla ya hapo. Akafikiri, akasema hapana. Hakuwa anaficha. Kwake yeye, kubadilisha tairi hakukuwa kubadilisha kitu kwenye gari, na mimi nililiacha swali langu hapo kwa upana wake.

## Gereji tatu kabla yetu

Fundi wa kwanza aliposikia neno "hendibreki" alikwenda moja kwa moja kwenye breki. Alifungua magurudumu yote, akasafisha kalipa, akapaka grisi pini zake, akaweka breki pedi mpya mbele. Si kosa la kijinga. Hisia ya gari kujifunga kwenye kona ni hisia ya breki kabisa. Kilichokosekana ni kipimo cha nusu dakika: endesha gari mpaka lijikaze, simama, sogeza kiganja karibu na kila rimu. Breki inayoshika hupasha moto gurudumu lake. Magurudumu ya mama huyu yalikuwa na uvuguvugu wa kawaida, sawa pande zote.

Wa pili alibadilisha CV joint ya nje, yaani kiungo cha shafti inayozungusha gurudumu, upande wa kushoto. Hapa nina ugomvi kidogo na mazoea yetu mafundi. CV joint iliyokufa huongea: tak-tak-tak unapokata usukani na kukanyaga mafuta. Haizuii gari kutembea. Gari la mama halikuwa na tak-tak hata moja. Lilikuwa linavutwa nyuma, tairi zikasuguana na lami, kisha linaachia kwa kishindo kidogo na kuvutwa tena.

Wa tatu alisikia vizuri. Alisema tatizo liko ndani ya giaboksi, akaandika bei ya giaboksi ya mtumba pamoja na kazi: shilingi milioni 1.9. Alikuwa karibu na ukweli kuliko wenzake wote, lakini hakupima chochote. Mama akasema hana fedha hiyo, na ndipo alipoelekezwa kwetu na mfanyakazi mwenzake.

## Kwa nini gari la namna hii hujikaza

Nitatumia nafasi hapa, kwa sababu bila kuelewa hili hatua zote zinazofuata zitaonekana kama kubahatisha.

Gari linapokata kona, tairi za mbele huchora duara kubwa kuliko za nyuma. Kwenye Forester hii kuna mita 2.525 kati ya ekseli mbili. Ukikata usukani hadi mwisho na kuzunguka duara zima, tairi za mbele kwa wastani hutembea kama mita 29, za nyuma kama mita 24 na nusu. Zaidi ya mita 4 za tofauti kwa kila mzunguko. Gari la kuvuta mbele tu halijali, maana tairi za nyuma zinaburuzika zenyewe. Gari linalopeleka nguvu mbele na nyuma kupitia shafti moja lazima liwe na mahali pa kuimeza tofauti hiyo. Pasipokuwa na mahali, nguvu inajikunja ndani ya shafti kama kamba inayosokotwa, mpaka tairi moja ikubali kuteleza. Kule kuruka-ruka alikokusikia mama ni tairi ikiteleza na kushika tena.

Kwenye giaboksi hii mahali pa kumezea tofauti ni pakiti ya klachi iliyo nyuma kabisa ya giaboksi, pale propela, yaani shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma, inapoanzia. Ni pleti nyembamba za chuma zilizopishana na pleti zenye ngozi ya kusugua, zote zikiogelea kwenye mafuta yaleyale ya giaboksi. Ekseli ya mbele inapata nguvu moja kwa moja. Ya nyuma inapata kadiri pleti zinavyobanwa. Anayeamua zibanwe kiasi gani ni kompyuta ya giaboksi, kupitia solenoidi, vali ya umeme inayopunguza au kuongeza shinikizo la mafuta. Ukikata kona taratibu kwa mafuta kidogo, kompyuta inalegeza, pleti zinateleza, gari linapita. Kama waya wa solenoidi hiyo umekatika, pleti hubanwa moja kwa moja. Mfumo huu, ukikosa umeme, hujifunga.

Kompyuta inajuaje kuwa gari linateleza kwenye tope? Inasoma kasi ya shafti ya mbele na ya nyuma. Mbele ikizunguka zaidi ya nyuma, inadhani tairi za mbele zinateleza, inabana klachi ili nyuma isaidie. Hana macho huyo, anategemea namba mbili tu. Ukizidanganya namba hizo kwa tairi zisizolingana, atabana siku nzima kwenye lami kavu.

Na changarawe? Juu ya changarawe tairi huteleza kirahisi, nguvu iliyojikunja inatoka kidogo kidogo bila dereva kuhisi. Ndiyo maana gari "lilipona" kila lilipokaribia nyumbani kwa mama.

## Siku ya kwanza: uwanja usiofaa

Haya yote nilikuwa nayajua, na bado siku ya kwanza tulilijaribu gari ndani ya uwanja wa gereji yetu, ambao ni udongo na kokoto. Lilizunguka bila shida. Kijana wangu akasema mama anasikia vitu. Nikakubaliana naye nusu, na hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu mama alishatuambia kwa kinywa chake ni wapi linagoma na wapi halikatai.

Mchana tukatoka naye mwenyewe hadi maegesho ya pevingi. Utaratibu ukawa huu: injini ikiwa imeshapata moto, gia kwenye D, usukani hadi mwisho, mguu nje ya mafuta na nje ya breki. Gari la otomatiki lisilo na ugonjwa hutambaa lenyewe mpaka limalize duara. Hili lilitambaa robo ya duara, likapunguza, likasimama. Kulia hivyo hivyo, kushoto hivyo hivyo. Tukarudia asubuhi ya pili likiwa la baridi: lilimaliza duara kwa tabu, tairi zikilia. Baridi afadhali, moto vibaya zaidi. Tukaandika.

Taa ya joto la mafuta ya giaboksi kwenye dashibodi tuliiangalia wakati wa kuwasha. Kwenye magari haya kompyuta ikiwa na kosa iliyolihifadhi, taa hiyo hupepesa mara kwa mara pale injini inapowaka. Haikupepesa.

## Chaki, futi ya chuma na maandishi ya ubavuni

Kabla ya kufungua boliti hata moja nilichuchumaa nikasoma tairi. Mbele: 215/60R16. Nyuma: 215/65R16.

Nikamwita mama. "Mama, tairi hizi za nyuma ulinunua lini?" Akashika mdomo. Kumbe miezi mitano na nusu nyuma, trafiki alimsimamisha kwa tairi vipara, akaenda dukani. Saizi ya 60 hapakuwa, muuzaji akamwambia rimu ni ileile, 65 inaingia bila shida. Na ni kweli iliingia.

Ile 60 au 65 ni kimo cha ubavu wa tairi kwa asilimia ya upana wake. Kwa upana wa milimita 215, kutoka 60 kwenda 65 ubavu unapanda milimita 10.75, na kipenyo milimita 21.5. Lakini namba za ubavuni hazionyeshi tairi imelika kiasi gani, kwa hiyo tulipima kwa mkono. Upepo tukausawazisha kwanza. Kisha alama ya chaki kwenye tairi, alama ya chaki sakafuni chini yake, tukalisukuma gari taratibu, kwa mstari ulionyooka, mpaka alama ya tairi irudi chini, tukachora ya pili. Futi ya chuma kati ya alama mbili. Kila tairi mara mbili.

Mbele kushoto milimita 2,003, mbele kulia 2,006. Nyuma kushoto 2,089, nyuma kulia 2,090. Tofauti ni kama milimita 85 kwa mzunguko mmoja. Maelekezo ya Subaru yanataka mizingo ya tairi zote nne isipishane zaidi ya milimita 6.4, yaani robo inchi.

Ukigeuza hiyo kuwa barabara: kila kilomita moja, tairi za mbele zinazunguka mara 499 na za nyuma mara 479. Mizunguko 20 ya ugomvi kwa kila kilomita, hata kwenye barabara iliyonyooka kama rula, na yote inamezwa na zile pleti ndani ya mafuta. Tena ugomvi wenyewe uko upande mbaya. Kwenye kona, mbele huzunguka zaidi ya nyuma. Tairi kubwa zikiwa nyuma, mbele huzunguka zaidi ya nyuma tena. Mambo mawili yanasukuma upande mmoja, na kompyuta inasoma yote mawili kama utelezi wa mbele, inazidi kubana.

## Uamuzi wa kwanza: tairi nne, mafuta, halafu kungoja

Mama aliuliza swali la haki: si turudishe mbili za saizi 60 nyuma, basi? Za mbele zilibaki na kashata (yale meno ya tairi) ya milimita 4. Mpya huwa na kama 8. Tairi ikilika milimita 1, kipenyo kinapungua 2 na mzingo unapungua 6.28. Yaani uhuru wote anaoutoa mtengenezaji ni milimita 1 tu ya kashata, na sisi tungeanza na 4. Nilimchorea kwenye kipande cha boksi, akaelewa haraka kuliko mafundi wengi niliowahi kuwaeleza. Akanunua nne zinazofanana, aina moja na mchoro mmoja. Zile 65 mbili tulimsaidia kuziuza kwa mwenye gari linalozihitaji, ikapunguza maumivu kidogo.

Siku hiyo hiyo tukamwaga mafuta ya giaboksi. Yalitoka ya kahawia iliyokaribia weusi, yananuka kama mkate ulioungua. Giaboksi hii inabeba takriban lita 9, na ukifungua nati ya chini zinatoka kama lita 4 tu. Nyingine hubaki ndani. Kwa hiyo tulipanga kumwaga mara tatu, mama akiendesha siku mbili tatu katikati. (Fundi mgeni wa Subaru awe macho: difu ya mbele, zile gia zinazogawa nguvu kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, imo ndani ya giaboksi lakini ina mafuta yake peke yake, na nati yake na kijiti chake. Nimeona magari yaliyomwagwa difu yakajazwa giaboksi mara mbili.)

Mantiki yetu ilikuwa hivi: chanzo tumekipata, mafuta machafu yanafanya pleti zinatane, tuondoe vyote viwili kisha tuone. Tukamwambia mama arudi baada ya wiki. Hatukumwambia kwamba klachi yenyewe inaweza kuwa imeshaumia. Tulikuwa na matumaini, na tukampa yeye matumaini hayo kama vile ni jibu.

Aliporudi, mlio uliokuwa ukisikika nyuma kwenye mwendo wa 80 ulikuwa umetoweka na gari lilikuwa jepesi barabarani. Baridi, lilizunguka duara zima. Moto, lilisimama nusu ya duara. Mama alinyamaza kwa muda, akasema, "Sasa mwanangu, tairi nne zimekula mshahara wangu, na punda bado amegoma."

## Fyuzi ya dakika mbili

Hapo ndipo tulipofanya jaribio ambalo lilipaswa kufanywa siku ya kwanza. Chini ya boneti ya Forester hii kuna kishikizi kitupu cha fyuzi, kimeandikwa FWD. Kiwandani kiliwekwa kwa ajili ya dereva anayetembelea tairi ndogo ya akiba: unachomeka fyuzi, kompyuta inaamrisha solenoidi kulegeza klachi kabisa, gari linabaki la kuvuta mbele, na taa ya FWD inawaka kwenye dashibodi ili usisahau.

Jaribio ni jepesi. Ukichomeka fyuzi, taa ikawaka na gari likaacha kujikaza, basi klachi inaachia vizuri na solenoidi inafanya kazi; tafuta kwenye tairi, vihisi vya kasi au amri ya kompyuta. Ukichomeka, taa ikawaka na gari bado linajikaza, basi amri inatoka ila klachi haiachii.

Tulichomeka. Taa ikawaka. Likiwa la moto, gari likasimama nusu ya duara palepale lilipokuwa linasimama.

Zikabaki njia mbili: solenoidi imekufa, au pleti zimenasa. Tukapima kwenye soketi ya waya wa giaboksi. Upinzani wa solenoidi ulikuwa ohm 12.6, ambao ni mzima. Huwa kati ya 10 na 17. Fyuzi ikiwa imechomekwa na injini inawaka, umeme wa volti 12 na kitu ulikuwa unafika. Kwa hiyo amri inatoka, solenoidi inaisikia, ila pleti hazitii. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza, mtu alikuwa na haki ya kusema "tatizo liko ndani".

Mama aliuliza kama hatuwezi kung'oa propela tu, kama alivyosikia wengine wanavyofanya. Kwenye giaboksi hii ya otomatiki gari lingetembea, kwa sababu mbele inapata nguvu moja kwa moja, mradi tundu la nyuma lizibwe mafuta yasimwagike. Lakini anapanda kilima cha changarawe kila jioni, na masika kile kilima ni tope. Alinunua gari hili kwa ajili ya kilima hicho. Na nikamwonya asilipeleke wazo hilo kwa jirani mwenye Forester ya gia za mkono: kule difu ya katikati inategemea kopla yenye majimaji mazito, na ukiondoa propela mzigo wote unaiangukia hiyo kopla mpaka iungue.

## Tulichokikuta ndani

Uzuri wa giaboksi hii ni kwamba pakiti ya klachi unaifikia bila kuiteremsha giaboksi nzima. Tulishusha bomba la moshi, propela na bimu inayoshikilia nyuma ya giaboksi, tukafungua kifuniko cha nyuma, tukaichomoa pakiti na kuzipanga pleti juu ya boksi lililokunjuliwa, kwa mpangilio zilivyotoka.

Pleti zenye ngozi zilikuwa nyeusi, mbili zimekuwa laini kama kioo. Pleti za chuma zilikuwa na madoa ya buluu na zambarau, kama yale ya mafuta yanapoelea juu ya maji. Hiyo ni rangi ya chuma kilichopata moto kupita kiasi. Hayo tuliyategemea. Jibu hasa lilikuwa kwenye ngoma inayobeba pleti. Ngoma ina mifereji ambamo masikio ya pleti hupita, yakiteleza mbele na nyuma kadiri zinavyobanwa na kuachiwa. Nikapitisha ukucha kwenye ukingo wa mfereji, toka juu kwenda chini. Ukucha ukakwama, ukapita, ukakwama tena, ukapita. Vishimo vilikuwa vimepangana kama vipandio vya ngazi, kimoja kwa kila pleti. Masikio ya pleti yalikuwa yamechimba nyumba ukutani. Shinikizo likiondoka, pleti inataka kurudi, lakini sikio limekaa ndani ya kishimo chake na haliwezi kutoka.

Nikamwita mama chini ya gari, nikampa tochi, naye akapitisha ukucha wake. Hakuuliza tena kwa nini tairi peke yake hazikutosha.

Tulikuwa na njia tatu. Ya kwanza, giaboksi ya mtumba kwa bei ile ya milioni 1.9, ambayo historia yake hakuna aijuaye. Pengine nayo ilitolewa kwenye gari lililokuwa linagoma. Ya pili, kupiga tupa vishimo na kurudisha ngoma ileile. Kijana wangu aliipendelea, na wapo mafundi wanaoifanya kwa uangalifu. Niliikataa kwa sababu vishimo hivi vilikuwa virefu: ukivisawazisha mfereji unapanuka, pleti inapata nafasi ya kugongagonga, na kishimo kipya kinachimbika mapema zaidi. Ya tatu, pleti mpya zote na ngoma nzima iliyotumika kutoka kwenye gari lililopata ajali, tukaikague kwa ukucha na tochi kabla ya kulipa. Tukachukua ya tatu. Ngoma ya kwanza tuliyoonyeshwa dukani ilikuwa na vishimo vilevile, tukairudisha. Ya pili ilikuwa safi.

Vipuri na kazi, ukiacha tairi, havikufika nusu ya bei ya giaboksi ya mtumba.

## Matokeo

Likiwa la moto baada ya mwendo wa dakika 30, fyuzi ya FWD ikiwa imechomekwa, gia D, usukani mwisho, miguu nje ya mafuta na breki, Forester ilitambaa duara tatu kulia na tatu kushoto bila tairi kulia. Tulichomoa fyuzi, tukarudia, hivyohivyo. Kisha tukaenda na mama hadi kwenye kilima chake, jioni baada ya mvua, kuhakikisha nyuma bado inapokea nguvu. Ilipanda. Tulirudia kumwaga mafuta ya giaboksi baada ya kilomita 1,000, kuondoa unga wa pleti mpya.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi, juu ya yote, ni chaki na futi. Vifaa hivyo kila gereji inavyo, na kazi yenyewe haizidi dakika 20. Mafundi watatu walifungua boliti nyingi na hakuna aliyesoma ubavu wa tairi. Nadhani sababu ni kwamba tairi tumeiachia duka la tairi, kana kwamba si sehemu ya gari. Kwenye gari la kuvuta tairi zote nne, tairi ni gia ya mwisho ya mfumo mzima. Ukibadilisha mzingo wake umebadilisha uwiano wa gia kwenye ekseli moja.

Muuzaji wa tairi naye alijibu swali aliloulizwa: itaingia kwenye rimu? Ndiyo. Hakuna aliyemuuliza kama itaishi vizuri na zile mbili za mbele. Siku hizi nikimwagiza mteja tairi namwandikia saizi kwenye karatasi pamoja na maneno "nne zinazofanana, au kashata isipishane zaidi ya milimita 1".

Tulikosea mpangilio. Fyuzi ya FWD ingechukua dakika mbili siku ya kwanza, kabla mama hajatoa shilingi moja. Ingetuambia mapema kwamba kuna magonjwa mawili: tairi zilizoleta joto, na klachi ambayo joto hilo limeshaiharibu. Tulipoona tofauti ya milimita 85 tuliridhika, kwa kuwa ilikuwa kubwa na ya wazi, tukaacha kutafuta. Tairi zisingenunuliwa bure hata hivyo. Bila tairi nne sawa, pleti mpya zingeungua kama za zamani. Lakini mama angeijua gharama yote siku moja, akaamua kwa akili yake kama gari linastahili. Sisi tulimlipisha kwa vipande, kila kipande kikija na ahadi yake.

Kosa la uwanja lilikuwa dogo kwa muda, kubwa kwa heshima. Ugonjwa huu hauonekani kwenye udongo. Tulikwenda kumwomba jirani yetu mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akatukubalia kutumia kipande cha uwanja wake wa pevingi kwa majaribio ya namna hii.

Jambo moja silipati jibu la uhakika: vishimo vile vya ngoma vilichimbika ndani ya miezi mitano na nusu ya tairi zisizolingana, au vilikuwa vimeanza tangu Japani na tairi zikavimalizia? Kina chake kinanifanya niamini la pili. Dalili zilianza wiki kadhaa tu baada ya tairi kufungwa, na madoa ya buluu yalionekana mapya kuliko vishimo. Kama ni hivyo, hata tairi zilizolingana zingechelewesha tu siku yenyewe, huenda kwa miaka.

Mama alirudi baada ya miezi sita kubadilishana tairi za mbele na nyuma, kama tulivyompangia. Tulipima tena kwa chaki: tofauti kubwa kati ya tairi na tairi ilikuwa milimita 4. Kona zote linakata. Difu ya nyuma ina mvumo mwembamba kati ya mwendo wa 60 na 70, na nati yenye sumaku ilitoka na ute wa kijivu wa chuma kilichosagika, zaidi ya ninavyopenda kuona. Tumeweka mafuta mapya, na tumekubaliana aje tena baada ya kilomita 5,000 tuifungue na kuangalia.